Mbasa Aliyerudishwa Ziwani

Shangazi alimnasa mbasa, samaki mnene kama paja la mtoto, akamchomoa ndoano taratibu, kisha akamrudisha ziwani akiwa hai.

Harufu ya samaki wakavu hapa sokoni Makambako imenirudisha kwenye ule ufukwe wa Ziwa Nyasa. Shangazi alikuwa mgeni wetu kutoka Mwanza, ambako alizoea kuvua kwa mchezo. Mama alikuwa ameshaepua ugali, na sufuria ya mboga ilichemka maji matupu.

“Wifi! Umemwachia?”

“Nimeshamshinda, wifi. Inatosha.”

“Kwani ulikuwa unashindana na mboga?”

Shangazi alicheka peke yake, akatupa tena ndoano. Mama alibaki na mwiko mkononi, akiyatazama maji. Sisi watoto tuliutazama ugali ukipoa.

Hadi leo sikumbuki tuliula na nini.