Usingizi wa Kaka Yangu

Wiki nzima sikulala vizuri, nikijiuliza kama vidole vyangu vilisema kweli au kama kompyuta ndiyo iliyokuwa nzito.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na kazi ya kwanza niliyopata, mjini Bungoma, ilikuwa ya kuwapima vijana wanavyouona usingizi bila wao wenyewe kujua. Kijana alikaa mbele ya kompyuta. Maneno yalitokea moja moja: kulala, kusinzia, amani, aibu. Kwa kila neno alibonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia, haraka awezavyo. Zamu ya kwanza, maneno ya usingizi na maneno mazuri yalitumia kitufe kimoja. Zamu ya pili, usingizi uliwekwa pamoja na mabaya. Zamu ambayo vidole vilikwenda kasi ndiyo iliyoonyesha moyo umeegemea wapi.

"Ati mnapima usingizi?" msichana mmoja kutoka Malakisi aliniuliza. "Si ungejipima wewe kwanza? Hayo macho ni ya mtu amekesha akichochea moto wa kukausha tumbaku."

Wenzake wakacheka. Jioni hiyo nilijipima. Kwenye fomu niliandika kwamba usingizi ni haki ya kila mtu. Lakini kulala kulipokaa na amani, vidole vilisita; kulipokaa na aibu, vilikimbia. Nilibadilisha kiti. Nilinawa mikono. Nilirudia mara tatu, na jibu likawa lile lile.

"Hicho kitu hakikuhukumu, bana," mkuu wangu, mama mmoja mpole, aliniambia nilipomwonyesha matokeo. "Kinaonyesha tu maneno uliyozoea kusikia."

"Na kama niliyasema mimi?"

Alinitazama akingoja niendelee. Nikazima kompyuta.

Nilikuwa na kaka mmoja. Alipofutwa kazi katika duka la mbegu Kitale, alirudi nyumbani kwetu Kibomet akawa analala mchana. Kwetu, mtu aliyekutwa na jua kitandani alisemwa hata nje ya kanisa. "Wewe ni mtu ama ni godoro?" baba alimuuliza mezani, na sote tukacheka, hata yeye.

Asubuhi moja baba alikuwa shambani na mama sokoni. Mimi nilikuwa likizo. Nilichukua maji baridi nikammwagia akiwa amelala.

"Ondoka hapa," nilimwambia. "Wazazi wamechoka kukulisha."

Alikaa kitandani, maji yakimtiririka shingoni, akaniuliza polepole, "Ni baba amekutuma?"

Nikasema ndiyo.

Siku hiyo hiyo alienda Matulo kutafuta vibarua vya shambani. Mama alipoitwa hospitalini miezi michache baadaye, alimkuta bado anaweza kuongea, naye kaka akamwambia kwamba baba ndiye aliyemfukuza. Tulimzika wiki iliyofuata. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umedhoofika kwa muda mrefu. Ndiyo maana alichoka hivyo.

Tangu hapo mama alimwekea baba chakula mezani, kisha akaenda kula jikoni peke yake. Baba hakujitetea. Nadhani aliamini kwamba ule mzaha wake wa godoro ndio uliomwondoa mwanawe. Miaka miwili nilimwacha aamini hivyo. Nilijiambia kwamba mimi nilirudia tu maneno ya nyumbani, kwamba mama ana presha, kwamba ukweli hautamrudisha mtu. Nilikuwa na sababu nyingi, na nilizipanga upya kila Jumapili. Lakini vidole havikuwa vya baba. Hata baada ya kumzika kaka yangu, bado vilimwona mvivu.

Jumamosi nilienda nyumbani Kibomet. Mama alikuwa jikoni akichagua mawe kwenye maharagwe. Nilimwomba aje sebuleni, alikokuwa baba.

"Kuna nini, kijana wangu? Umefutwa kazi?"

"Hapana, mama. Keti hapa karibu na baba."

Akachagua kiti cha mbali, kando ya mlango. Baba akazima redio. Sentensi nilizofanyia mazoezi tangu Bungoma zilinipotea zote.

"Baba hakumfukuza," nilisema. "Hakunituma. Ni mimi nilimfukuza, nikamdanganya kwamba ni baba."