Zulia la Gari la Daktari

Tulimwita Bi Mkasi kwa sababu mkasi wake haukuguswa na mtu mwingine, hata mumewe. Kwa miaka kumi na tisa alishona viti na kukata mazulia ya magari katika karakana ya Bwana Kamili. Jina hilo Bwana Kamili alijipa mwenyewe: kila akimaliza gari alipiga mlango kofi moja la taratibu, akasema, "Kamili." Sisi mafundi wa barabara ile tulijua kwamba nusu ya ukamilifu huo ilitoka mikononi mwa Bi Mkasi, lakini nani angemwambia?

Gari lililomharibia maisha lilikuwa la daktari mmoja wa upasuaji, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu visivyojua vumbi. Lilikuwa gari la kizamani, la kijani kibichi kama chupa, na daktari alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Siku hiyo Bi Mkasi alikuwa uani anapiga pasi vitambaa vya viti. Bwana Kamili alikuwa ndani ya gari anapaka gundi, sigara mdomoni, kama alivyokatazwa mara mia. Gundi ile ilikuwa ya kuwaka. Moto ulikula kiti cha nyuma na kitambaa chote cha dari kabla Bi Mkasi hajaumwagia maji.

Daktari alipofika, Bwana Kamili alikuwa amekwisha nawa uso. "Ni pasi," alisema. "Huyu mama ameacha pasi inawaka juu ya kiti."

Bi Mkasi alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, ndoo mkononi, nywele zikinuka moshi. Alisubiri mwajiri wake ajirekebishe. Mwajiri wake alitazama ukuta.

"Sitaki kumwona tena karibu na gari langu," daktari alisema.

Mchana huohuo Bi Mkasi aliondoka na mkasi wake na kanga iliyotoboka kwa cheche. Jina jipya lilimtangulia kila alikokwenda. Akibisha hodi kwenye karakana nyingine, walimtazama wakasema wataangalia, maana huyu si ndiye yule mama aliyechoma gari? Kwa miaka saba alishona mikoba ya shule, mapazia na foronya kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Mumewe, fundi saa mwenye maneno mengi, alimwambia, "Mke wangu, hasira yako imeota mvi kuliko kichwa changu." Bi Mkasi alimjibu kwamba hasira hiyo bado ni kijana, ina nguvu zake zote.

Na kweli ilikuwa nazo. Alipokuwa anashona pazia, aliwaza namna ya kumdhalilisha Bwana Kamili. Alimwona akianguka mbele za watu, akiomba, akikanwa. Aliyabadilisha mawazo hayo kama mtu anavyobadilisha mashuka, na kila mara yalimpa usingizi mzuri.

Asubuhi moja binti wa Bwana Kamili akabisha hodi. Alikuwa mwalimu sasa, mtu mzima, lakini udogoni alikuwa akicheza chini ya meza ya Bi Mkasi akiokota vipande vya ngozi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako amekufa?"

"Hapana, shangazi. Mikono yake inatetemeka. Kuna gari analitengeneza, la maonyesho ya magari ya zamani Jumamosi ijayo. Limebaki zulia tu. Amelikata mara mbili, mara zote mbili limeharibika kwenye ile nundu ya giaboksi katikati ya sakafu. Anasema ni wewe tu unayeweza kuifunika kwa kipande kimoja."

"Gari la nani?"

Binti aliangalia vidole vyake. "La daktari. Lile lile."

Bi Mkasi alicheka, kicheko kifupi kikavu, akaendelea kushona mpaka akamaliza mstari. "Mwambie baba yako zulia nitanunua mwenyewe, tena la sufu. Sitaki hela yake. Atakuja yeye, na gari, hapa kwangu. Na siku daktari akija kulichukua, atasema mbele yake ni nani aliyechoma. Kama hawezi, aendelee kukata."

Siku mbili zikapita kimya. Ya tatu gari lilikuja likikokotwa, na nyuma yake Bwana Kamili kwa miguu, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. "Dada," alianza.

"Mimi si dada yako. Kaa pale." Alimwonyesha kigoda kilicho chini kuliko vyote. "Utanishikia futi."

Kazi ilichukua siku nne, na Bi Mkasi hakuiharakisha. Alifungua viti, akang'oa mabaki ya zulia lililooza, akasugua kutu mpaka bati likang'aa. Akatandika blanketi nene la kuzuia kelele, kisha akaanza kupima kwa karatasi ngumu, kipande kwa kipande: chini ya pedali, pembeni mwa mlango, nyuma ya kiti. Kila kiolezo alikiandika mbele na nyuma ili kisigeuzwe. Alikagua sufu kwa kiganja, ili vinyweleo vyote vilale kuelekea upande mmoja. Kipande kimoja kikilala kinyume, gari zima litaonekana na viraka. Alikata akiacha upana wa vidole viwili kila upande, maana sufu iliyokatwa pungufu hairefuki hata ukiiombea.

Nundu ya giaboksi ndiyo iliyokuwa mtihani. Aliilowesha sufu kwa mvuke wa pasi upande wa chini, akaivuta kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, akaikandamiza, akaivuta tena, mpaka mikunjo ikaisha moja baada ya nyingine. Bwana Kamili aliinuka kuona.

"Nimekuambia usimame?"

Akaketi.

Pasi ilipotoa moshi kidogo, Bi Mkasi aliinyanyua hadi usawa wa uso wake. "Unaikumbuka hii? Ni ile ile. Haijawahi kuchoma kitu." Alimfanya Bwana Kamili afagie mabaki, ashike ncha ya uzi, apokee chaki na kuirudisha. Akikosea kusoma futi, alimwambia arudie kwa sauti. Majirani walipita kununua foronya wasizohitaji, ili waone tu. Jioni mumewe alimwuliza kama haoni vibaya kumtesa mzee mgonjwa. "Naona vizuri sana," alisema. "Sijala kwa hamu hivi tangu mwaka ule."

Siku ya mwisho alipunguza kingo kwa kisu, taratibu, kila ukingo ukiwa umeshakaa mahali pake, akazishonea upindo wa ngozi. Akatoboa nafasi za nati za viti, akavirudisha viti, akafunga vibati vya mlangoni vinavyobana zulia. Zulia lilikaa kama lililozaliwa pamoja na gari. Hata Bwana Kamili alisahau unyonge wake. Alinyoosha mkono kupiga mlango kofi, akamwona Bi Mkasi anamtazama, akaurudisha mkono mfukoni.

Daktari alikuja alasiri ya Ijumaa, amestaafu sasa, viatu vilevile. Aliinama ndani ya gari, akapitisha mkono juu ya nundu mara mbili. Kisha akamwona Bi Mkasi, na uso wake ukabadilika kidogo tu.

"Sema," Bi Mkasi alimwambia Bwana Kamili.

Barabara nzima ilikuwa imesimama. Bwana Kamili alivua kofia. Alisema yote, na hakuremba: sigara, gundi, ukuta alioutazama. "Nilimsingizia. Pasi ilikuwa uani. Naomba anisamehe, na wewe pia, daktari."

Kwa miaka saba Bi Mkasi alikuwa akiingoja dakika hiyo. Alikuwa ameanza tu kuionja, daktari alipopunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Aa, hayo ni ya zamani. Mimi nilijua siku ileile. Kichungi cha sigara kilikuwa kwenye sakafu ya gari, nilikiona."

"Ulijua?" Bi Mkasi aliuliza.

"Mama, fikiria. Ningemfanya nini? Yeye ndiye aliyelijua gari langu. Wewe nilidhani utapata kazi kwingine."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta, na hilo ndilo lililomchoma Bi Mkasi. Alikwenda ndani, akarudi na spana.

"Unafanya nini?" daktari aliuliza.

"Natoa zulia langu."

Alianza na vibati vya mlangoni, kisha viti. Daktari alisema maonyesho ni kesho. Alisema atalipa mara mbili, mara tatu, ataje mwenyewe. Bi Mkasi hakuinua kichwa. "Kamili amemaliza na mimi," alisema. "Wewe ndiyo kwanza tunaanza." Alivuta kipande cha pedali, cha nyuma, vya pembeni, na mwisho kile cha nundu, alichokibandua kwa uangalifu kama ganda la tunda. Bwana Kamili alijongea, akashika ncha ya kipande kimoja ili amsaidie kubeba.

"Acha," alimwambia. Akaacha.

Daktari aliondoka na gari lenye bati tupu, viti vimewekwa bila nati, vikigongana kwenye kila kona. Kesho yake alilipeleka hivyohivyo kwenye maonyesho, maana alikuwa amekwisha alika marafiki, na kila aliyechungulia ndani aliuliza zulia liko wapi. Waliokuwepo barabarani Ijumaa walijibu kwa niaba yake, kwa kirefu.

Mwezi haukuisha, magari mawili ya kizamani yalikuwa mbele ya nyumba ya Bi Mkasi. Mapazia aliyaacha. Kila mteja mpya alisimuliwa kisa chote, na majina ya wale wanaume wawili, kabla hajaruhusiwa kuzima injini. Daktari alituma mtu mara moja, kisha mara ya pili. Wote walirudi na jibu lilelile, kwamba fundi hayupo, nao walikuwa wanazungumza na fundi mwenyewe.

Binti wa Bwana Kamili hupita siku hizi akitoka shule. "Baba anakusalimu, shangazi," husema.

"Salamu zimefika," Bi Mkasi hujibu, na hazirudishi.