Sidii ya Bure ya Baba Mdogo

Juzi, kwenye shamba la ulezi huko Old Moshi, niliona sidii zimening'inizwa kwenye kamba ili zifukuze ndege. Nikasema moyoni, afadhali sasa zimepata kazi.

Nilikuwa mdogo baba mdogo alipotuletea jarida la mtumba la watengeneza muziki, linanuka ukungu, na sidii ya bure imebandikwa kwenye jalada. "Humu mna ngoma za Ulaya," alisema, akatunawisha mikono kana kwamba tunakwenda kula. Uani, bibi na mama walikuwa wakitwanga mahindi ya makande kwa kupokezana, michi miwili kwenye kinu kimoja. Baba mdogo akafungua dirisha: "Mama, acheni kwanza kelele, tunasikiliza muziki!"

Kinu kikanyamaza. Baba mdogo akaitia sidii kwenye kompyuta yake, nayo ikatoa: du. Kimya. Du. Kimya. Ta.

Nilidhani imeharibika. Leo najua ilikuwa nzima kabisa: ilibeba milio ya ngoma mmojammoja, ili watengeneza muziki waiunganishe wenyewe. Hiyo ndiyo milio ambayo kila studio ya Moshi ilikuja kuibandika kwenye kila wimbo, hadi kwenye matangazo ya sabuni.

Bibi alichungulia dirishani, mchi mkononi. "Ndicho tulichonyamazishiwa hicho?"

Akarudi kwenye kinu. Michi ilipoanza tena kupokezana, sisi watoto tulitoka mbio kwenda uani, tukaucheza mdundo wake.