Niliyemfuta Kwenye Orodha ya Krismasi

Nilianza kazi ya ukatekista siku mbili baada ya Krismasi, katika parokia moja ya mjini Nyeri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sketi ndefu ya kijivu na viatu vilivyonibana. Kwa wale wasioifahamu kazi yenyewe, katekista ni mlei anayefundisha dini. Huwaandaa watu kwa ubatizo, huongoza ibada padri asipokuwapo, hutembelea wagonjwa, na hufanya mengine yote ambayo hayana mwenyewe. Watu humwita Mwalimu. Mimi nimeitwa Mwalimu Nyawira kwa muda mrefu hata dada zangu wa tumbo moja huniita hivyo.

Asubuhi ile nilifika mapema nikitaka kuonekana mchapakazi. Karibu na altare kulikuwa na pango la Noeli, lile la majani makavu na sanamu za Familia Takatifu, wachungaji na wanyama. Krismasi ilikuwa imepita, kwa hiyo nikaona nilitoe. Nilikuwa nimekwisha kumfunga mchungaji mmoja kwenye gazeti, na punda nimembana kwapani, Paroko alipoingia. Paroko ndiye padri mkuu wa parokia. Wetu alikuwa mzee mrefu ambaye hakuwahi kupaza sauti.

"Mwalimu, hawa wanahamia wapi?" aliniuliza.

"Fadha, si Krismasi imeisha?"

"Imeisha madukani. Hapa ndiyo kwanza inaanza."

Aliketi kwenye benchi akanieleza kwamba kipindi cha Noeli huendelea. Huja Jumapili ya Familia Takatifu, kisha Tokeo la Bwana, tunapowakumbuka Mamajusi, mpaka kifungwe na Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana katikati ya Januari. Nilikuwa nimezaliwa Mkatoliki na sikuyajua hayo.

"Juzi watu walijaa mpaka nje," akaendelea. "Wengi walikuwa watoto wetu wa Nairobi, na wamerudi zao. Jumapili utaona viti vitupu. Usivunjike moyo. Kazi yako ni hawa wanaobaki."

Nikamrudisha punda mahali pake.

Miaka yangu ya kwanza niliipitisha zaidi katika mtaa wa Majengo, hapohapo Nyeri. Huko ndiko nilikojifunza jumuiya, yaani kikundi cha familia jirani wanaokutana kila wiki kusali nyumbani kwa mmoja wao. Nyumba za Majengo ni vyumba vya kupanga vilivyobanana, na mabenchi yetu hayakuwa na pa kukaa, kwa hiyo yalilala kwa mwenye kioski mmoja aliyekuwa akiswali msikiti wa jirani. Kila Januari tulipita mlango kwa mlango na maji ya baraka tukiombea nyumba kwa mwaka mpya. Mwaka mmoja tulikiruka kioski chake kwa heshima, tukidhani tungemkera. Akatoka nje akasema, "Kwani mimi sina mwaka mpya?" Tukaomba pale mlangoni, naye akasema amina kwa sauti kuliko sisi sote. Mwaka uliofuata hatukumruka.

Kisha mume wangu, fundi wa matrekta, akapata kazi katika shamba la ngano karibu na Timau. Timau iko katika jimbo lingine la Kanisa, kwa hiyo nilibeba barua ya Paroko wangu kama mtoto anayehamishwa shule. Paroko wa kule alikuwa kijana kuliko mimi, mtu wa utaratibu, mwenye mwandiko uliolala mistari yote upande mmoja. Aliisoma barua mara mbili, akanikabidhi kigango kimoja na kitabu cha mafundisho.

"Wanaoomba ubatizo wakariri Kanuni ya Imani neno kwa neno," alisema. "Asiyeijua asubiri. Mtihani utausimamia wewe."

Kigango ni kanisa dogo la pembeni ambako padri hufika Jumapili chache tu, na siku nyingine katekista ndiye huongoza ibada. Chetu kilikuwa cha mabati, na upepo wa mlimani ulipovuma nilisoma Injili kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Waumini wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya maua, waliokuja kufuatana na zamu zao. Niliwapenda upesi. Lakini nilikuwa mgeni, tena mwanamke, na mwenyekiti wa kigango alikuwa amesema wazi kwamba angependelea mwanamume. Nikaamua hakuna atakayesema ninafundisha ovyo. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Katika darasa langu alikuwamo Mzee Murithi, mlinzi wa ghala la ngano, mtu wa karibu miaka sabini. Mkewe, Mama Karimi, alikuwa amebatizwa tangu ujana. Kwa miaka miwili mzee hakukosa somo. Ukimuuliza habari ya Msamaria Mwema angekusimulia mpaka ukadhani alikuwapo njiani. Ila maneno ya kukariri hayakukaa kichwani mwake. Siku ya mtihani, wiki mbili kabla ya Krismasi, alisimama mbele ya wenzake, akavua kofia, akaanza vizuri, "Nasadiki kwa Mungu mmoja." Alipofika katikati akanyamaza. Akarudi mwanzo. Akanyamaza palepale.

"Mwalimu, maneno imekataa," akasema.

Nilikuwa na orodha mkononi. Nilichora mstari juu ya jina lake, naye akaona. Wote waliona. Ningeweza kungoja mpaka waondoke, lakini nilitaka mwenyekiti, aliyeketi pembeni akisikiliza, aone kwamba sina upendeleo.

"Sawa," mzee akasema. "Nitajaribu tena." Akavaa kofia yake.

Asubuhi ya Krismasi Paroko alibatiza wale waliopita. Mzee Murithi alikuja na shati jeupe ambalo Mama Karimi alikuwa ameshamnunulia kwa ajili ya siku hiyo. Alikaa benchi la nyuma. Baada ya Misa alinijia akanishika mkono. "Asante, Mwalimu. Umewatayarisha vizuri hawa." Hakuwa ananisema kwa mafumbo. Angenisema ningeweza kujitetea. Chakula cha Krismasi sikukisikia ladha.

Siku ya nne baada ya Krismasi, mnamo saa nne asubuhi, Mama Karimi alinipigia simu. "Mwalimu, kuja. Mzee hapumui poa, na ati anakutaja wewe." Nilimpigia Paroko. Alikuwa ameenda kwao kupumzika, kama mapadri wengi wafanyavyo wakimaliza shughuli za sikukuu, na simu yake haikupatikana. Nikakata kupitia shamba lililovunwa, mabua ya ngano yakinichoma miguu, nikikimbia kama sijawahi kukimbia nikiwa mtu mzima.

Nilimkuta amelala ubavu, akihema kama aliyebeba gunia mlimani. Kifua kilikuwa kimemshika tangu jana yake. Jirani alikuwa ameenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali Nanyuki.

"Mwalimu," alisema akiniona, "umekuja na ile mtihani?"

"Sina mtihani, Mzee."

"Afadhali."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Kanisa linafundisha, na kila katekista lazima alijue hili, kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, yeyote aweza kumbatiza. Maji yawe maji halisi, yamiminwe kichwani, na maneno yasibadilishwe. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo mara nyingi ubaoni, kwa chaki. Sasa nilimwinamia mzee.

"Mzee, unataka kubatizwa?"

"Si hiyo ndio nimekuwa nikingoja?"

"Unamwamini Yesu Kristo?"

"Huyo namwamini. Ni maneno tu ndio ilinishinda."

Mama Karimi alileta maji katika kikombe cha chai. Nilikinusa kwanza nihakikishe hakina masalia ya chai. Nikauliza atachukua jina gani. "Chagua wewe," mzee akasema. Injili niliyokuwa nimeisoma asubuhi ile ilikuwa ya Simeoni, yule mzee wa hekaluni aliyengoja miaka mingi mpaka akampakata Mtoto Yesu. Basi nikammiminia maji mara tatu, nikisema, "Simeoni, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yaliteremka sikioni mwake yakalowesha mto. Mama Karimi alikuwa analia bila sauti.

"Mzee, unisamehe," nikasema.

"Ya nini?"

"Kwa kukufuta mbele ya watu."

Alifumba macho. Nilidhani ndiyo mwisho. Kisha akasema polepole, "Hiyo nilikuwa nimesahau. Mimi husahau kila kitu, si unajua?"

Gari lilifika, tukambeba ndani ya blanketi.

Habari zilinitangulia. Jioni hiyohiyo mwenyekiti alinisimamisha njiani. "Mwalimu, umebatiza mtu aliyeanguka mtihani? Kwa hivyo sisi wengine tulikariri bure?" Akaniambia atapeleka neno kwa Paroko, na akafanya hivyo. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Nilimwambia mume wangu ajiandae, huenda nimeimaliza kazi yangu Timau. Asubuhi nilisali, mchana nilipiga simu hospitali. Kila mara niliambiwa, "Bado yuko."

Paroko aliporudi aliniita ofisini, mwenyekiti akiwapo. Alikuwa na kalamu mkononi.

"Alikuwa katika hatari ya kufa?"

"Ndiyo, Fadha."

"Aliomba mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ulitumia nini, na ulisema nini?"

Nikamweleza, pamoja na kikombe. Akaandika, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Amebatizwa. Hata Baba Mtakatifu hawezi kumbatiza mara ya pili." Nikashusha pumzi. Lakini alikuwa hajamaliza. "Sasa Mwalimu, niambie kwa nini mtu huyu hakubatizwa Krismasi."

"Alishindwa na Kanuni ya Imani, Fadha. Nami nilimfuta mbele ya wenzake. Nilitaka nionekane mkali."

Aliweka kalamu chini.

"Mimi ndiye nilikwambia asiyeijua asubiri," akasema. "Sikukuuliza ni watu gani unaowafundisha. Kila Jumapili tunaisema pamoja, sauti moja, kanisa zima. Akisahau mmoja, wengine wanambeba mpaka afike mwisho. Mimi mwenyewe nikiwa na homa huikosea. Tumekosa sote wawili."

Sijawahi kusikia mkubwa wangu mwingine yeyote akisema maneno hayo kwa mdomo wake, na mbele ya shahidi. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Basi mzee akipona, tutamletea kiti. Asikae kwenye benchi lisilo na mgongo."

Mzee Murithi alipona. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana aliletwa kigangoni, amekonda, koti likimning'inia, na ndani yake lile shati jeupe. Paroko alikamilisha yaliyokuwa yamebaki. Alimpaka mafuta matakatifu ya krisma na kumkabidhi mshumaa uliowashwa. Kabla ya hapo niliomba ruhusa ya kusema. Nilisimama mahali palepale nilipokuwa nimesimama na orodha, nikawaambia watu kwamba nilimwaibisha mzee huyu bila haki na kwamba nimemwomba msamaha.

Tulipofika kwenye Kanuni ya Imani sikuangalia kitabu, nilimwangalia yeye. Alianza nasi kwa nguvu. Pale katikati midomo yake ikasimama. Mama Karimi aliendelea upande mmoja, na upande wa pili mwenyekiti aliinama kidogo, akapaza sauti yake karibu na sikio la mzee. Mzee akaikamata tena sentensi, akafika nasi kwenye amina.

Aliishi miaka sita mingine. Sikufuta mtihani, kwa maana watu lazima wajue wanachokiamini, lakini nilianza kuufanyia nyumbani kwa mtu, na swali la kwanza likawa, "Nani umegombana naye, na mmefikia wapi?" Niligundua kwamba waliokariri vizuri ndio waliokwama hapo.

Mume wangu alipostaafu tulihamia Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, nami nikamalizia utumishi wangu katika parokia ya karibu. Huko wakatekumeni wangu, yaani wanaojiandaa kubatizwa, walikuwa vijana wenye masomo yao kwenye simu. Wangeuliza, "Mwalimu, hii kitu si unitumie tu kwa WhatsApp?" Nikatuma, lakini nikawatembelea pia. Mwishoni mwa mwaka jana, siku niliyostaafu, Paroko wetu wa sasa aliniita mbele baada ya Misa, akanishukuru, kina mama wakanifunga leso na kuniimbia mpaka nikasahau hotuba niliyokuwa nimeiandaa.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mmesoma kuliko mimi, na nimefurahi kwamba ni hivyo. Sina siri ya kuwapa. Nashukuru kwa viongozi walionisahihisha bila kunivunja. Nashukuru kwa watu wa Januari, wale ambao nyimbo za sikukuu zikinyamaza na wageni wakiondoka hubaki wakifagia, wakisali, wakiugua na kupona karibu na kanisa lao. Hao ndio walionifundisha.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusikiliza Misa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa mlangoni nikimtafuta msomaji, au kando nikihesabu wanaokuja kubatizwa, au nikiwaza matangazo. Jumapili ya Tokeo la Bwana mwaka huu niliingia kama mtu yeyote, nikakaa mstari wa katikati kando ya mama nisiyemjua. Hakuna aliyeniuliza lolote. Nilipotoka kupokea komunyo nilirudi mahali pangu, nikaketi, na ndipo nilipoelewa kilichokuwa kigeni. Nilikuwa kama mama aliyewaandalia watu meza maisha yake yote akila akiwa amesimama jikoni, na sasa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekula nikiwa nimeketi na wengine.