Doa Kando ya Zohali

Atuganile alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti mjini Tukuyu, na kamera zake zilikuwa hazijawahi kuelekea juu zaidi ya paa. Aliyembadilisha ni Mwalimu Meshaki wa Nkunga, aliyemfundisha fizikia sekondari. Macho ya Mwalimu yalikuwa yakififia, na darubini aliyoitunza miaka mingi haikumfaa tena. Akichungulia, aliona ukungu tu.

"Lakini mpira kwenye televisheni bado nauona, nikisogea karibu," alimwambia. "Darubini ichukue, mwanangu. Ukiinasa Zohali na pete zake, niletee niione kwenye skrini kubwa."

Atuganile alinunua kamera ndogo ya kompyuta, ile ya kupigia simu za video, akaing'oa lenzi na kuifunga kamera yenyewe kwenye darubini, pale jicho linapochungulia. Mwanzoni aliambulia giza tupu, maana sayari ni nukta na kuilenga ni kazi. Ikabidi ajifunze mchana, akilenga mnara wa simu kilimani hadi mkono ukazoea. Akajifunza pia kurekodi video badala ya kupiga picha moja, kwa sababu hewa huitikisa sayari kama jiwe chini ya maji yanayopita. Programu ya kompyuta huchagua picha zilizotulia na kuzilaza moja juu ya nyingine.

Mwezi wa tisa mawingu yakaachia. Jioni moja umande ulitanda kwenye kioo cha ndani cha darubini, naye kwa haraka akakifuta kwa pindo la kanga. Akasikia mchanga ukikwaruza. Alipoirudisha Zohali kwenye skrini, kando yake, kwenye anga ambalo giza lilikuwa halijalikolea, palikuwa na doa jeusi.

Kesho yake doa lilikuwepo vilevile. Sahani ya chakula aliirudisha jikoni bila kuigusa. Darubini kama ile angeitoa wapi? Mwishowe akaiviringisha kwenye blanketi, akatia kamera, kompyuta na vifaa vyake vya studio mkobani, akapanda bajaji mpaka Nkunga.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja na habari mbaya. Nimekikwaruza kioo chako."

"Marahaba. Umejuaje?"

Akamweleza yote.

"Sayari ikitambaa kwenye skrini, doa linaifuata?"

"Hapana. Linabaki palepale."

"Basi darubini iache hukohuko kwenye blanketi. Elekeza kamera peke yake ukutani."

Ukuta wa sebule ulikuwa mweupe. Kwenye skrini ukatokea weupe huo, na katikati yake lile doa.

"Ni vumbi!" Atuganile alipiga kelele. "Vumbi la kamera, Mwalimu!"

Akatoa kipulizio chake cha studio, akapuliza mara kadhaa. Doa likatoweka. Akakaa sakafuni akicheka huku machozi yakimtoka.

"Na ule mchanga niliousikia?"

"Kioo hicho hata mimi nimewahi kukifuta kwa shati," Mwalimu alisema. "Mkwaruzo mdogo hauizuii Zohali."

Giza lilipoingia waliisimamisha darubini uani, wakavuta waya hadi kwenye televisheni. Mwalimu alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Zohali ilikuwa inatetemeka, ya manjano, imevaa pete.

"Ipo," alisema polepole. "Naiona. *Ndaga fijo*, mwanangu. Asante sana."

Mke wa Mwalimu alipoleta ndizi za nyama, Atuganile alimaliza sahani, akaomba aongezewe.