Watoto Ambao Daftari Halikuwauliza

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa rula, kalamu nyekundu na rundo la madaftari yaliyonyeshewa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Nilikuwa karani wa takwimu za afya, na bosi wangu alikuwa mratibu wa huduma za mama na mtoto. Sote tulimwita Mama Mratibu.

Alinieleza kipimo tulichokuwa tukikitafuta: kati ya watoto elfu moja waliozaliwa hai, wangapi wanakufa kabla ya kutimiza mwaka. “Malaria, maji machafu, njaa ya mama, zahanati kuwa mbali, vyote vinaonekana humo,” alisema. “Ndiyo maana mkoani wanatupanga wilaya kwa namba hii.”

Basi nikachora mistari. Safu ya kwanza jina, ya pili umri, ya tatu sababu ya kifo. Madaftari yalikwenda vijijini na kurudi kila robo mwaka, kwa lori au kwa baiskeli, mengine yakinuka moshi. Nilijumlisha mpaka macho yakauma.

Kijiji kimoja upande wa Ugalla kilileta sifuri. Robo iliyofuata, sifuri tena. Ikawa hivyo miaka miwili. Tukakisifu mkutanoni, nami nikatumwa kupeleka barua ya pongezi.

Nilifika hoi, pikipiki imenizimikia mara mbili kwenye mchanga. Mhudumu wa afya wa kijiji, Mzee Kasiano, ambaye pia alikuwa mfuga nyuki, aliisoma barua taratibu, akaikunja. Hakufurahi.

“Bwana Takwimu, nyie kule mjini mnafikiri huku watoto hawafi?”

“Daftari lako linasema hivyo, mzee.”

“Daftari lenu linaanza na jina. Huku kwetu mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke. Akifa kabla, niandike nini?”

“Na waliokuwa na majina?”

“Hao niliwaandika mwanzo, mwaka wa kwanza. Mkaniletea barua ya kuniuliza nimezembea nini. Nikaacha.”

Barua hiyo ya kumuuliza niliichapa mimi.

Akanipeleka kwa jirani yake, Mama Skola, aliyekuwa akipura maharage. Sikumuuliza ana watoto wangapi. Nilimuuliza amezaa mara ngapi. Akaacha kupura.

“Mara sita,” alisema. “Wapo wawili. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.”

Tulizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu. Pasipokuwa na jina niliandika “mtoto wa fulani”. Kurasa zikajaa.

Mama Mratibu alizisoma akiwa amesimama. “Ukipeleka hizi tutakuwa wa mwisho mkoa mzima.”

“Nizifute?”

“Nimesema tutakuwa wa mwisho. Sijasema ufute.” Akasaini.

Tukawa wa mwisho kweli. Kwenye mkutano wa mkoa wilaya nyingine ilipigiwa makofi, nasi tukaulizwa tumekwama wapi. Mama Mratibu alieleza safu kwa safu, na waliomsikiliza walikuwa wachache. Baadaye kijiji kilipata mkunga. Alikaa msimu mmoja wa mvua, akaomba uhamisho. Sikumlaumu, nyumba yake ilivuja na maji yalikuwa mbali. Nikaendelea kuhesabu mpaka nilipostaafu, na sijui kama nilimwokoa hata mmoja.

Nyie vijana mnatuma takwimu kwa simu, na inapendeza. Lakini wilaya ikionekana mbaya kwenye chati, msikimbilie kuwalaumu watu wake. Huenda ndiyo pekee iliyouliza vizuri.

Kuna jambo moja sijawahi kulisimulia. Siku niliyorudi kutoka Ugalla, mke wangu Veronika alinisikiliza huku akinimiminia maji ya kunawa. Nilipomaliza akauliza, “Na wetu, ulimwandika?”

Mtoto wetu wa kwanza aliishi siku nne, hapa hapa Majengo, mjini Mpanda. Tulimzika asubuhi, saa tano nilikuwa ofisini. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba tuna watoto wawili, huyo simhesabu.

Kesho yake nilifungua daftari la mjini nikiwa nimesimama, nikamwandika. Mama Mratibu alichungulia juu ya bega langu, akaona jina la baba ni langu. Alinivutia kiti, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, nikakaa nikalia.