Dawa Moja, Majina Matatu

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Morogoro yalijaa ghafla, nasi tukawa kama tumelewa. Sabuni za kunukia! Biskuti za kuchagua! Mama mkubwa alishuka kutoka Kinole na furushi la mdalasini akafikia chumbani kwangu, lakini kilichomvutia zaidi mjini ni duka la dawa. Alikuwa na mafua na viungo vinamuuma, basi akanunua vidonge vya maumivu, vya mafua na vya homa, kila aina na pakiti yake maridadi.

"Zamani zahanati ilikuwa na kidonge kimoja tu, cheupe," alisema akicheka. "Leo nachagua kama vitenge!"

Akawa anavimeza vyote, asubuhi, mchana na jioni, kwa siku nne. Na mimi niliyemsindikiza dukani nikacheka naye.

Siku ya tano akatapika, akalalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Nilipomsogeza dirishani, macho yalikuwa ya njano kama binzari. Kicheko kikanikauka, nikamkimbiza hospitali.

Daktari, mama wa makamo, alizipanga pakiti mezani akasoma yale maandishi madogo. "Shikamoo mama. Umekunywa dawa moja yenye majina matatu."

Akatueleza taratibu. Ini ndilo linaloivunjavunja dawa ile, na katika kuivunja, sehemu yake ndogo hugeuka sumu. Seli za ini zina kinga ya kuizima. Dozi ikizidi, kinga inakwisha. Sumu inaharibu vile vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, nayo inavimba, inapasuka, inakufa.

"Zangu zimekufa ngapi?"

"Nyingi, mama. Lakini ini si kama moyo. Zilizobaki zikipata nafasi, zitazaa nyingine."

Alitundikiwa dripu na kupewa dawa ya kuirudisha ile kinga. Kila asubuhi nilimfunua kope kabla hata ya kumwamkia. Asubuhi moja, weupe! Nikaruka, nikapiga vigelegele wodini, na mgonjwa wa kitanda cha pili, asiyejua lolote, akavipokea.

Mchana nikamletea supu nzito, fahari yangu yote. Akachota kijiko, akakitazama, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "kwa ugonjwa huu wangu, umeniletea maini?"

Tulicheka mpaka nesi akaja kushika dripu isichomoke.